Tenga la Kuku Njia ya Ikungi

Msafiri atokaye Singida mjini kwa barabara ya Manyoni huona mambo matatu: mawe makubwa yaliyobebana, mashamba ya alizeti, na matenga ya kuku yakingojea basi kando ya njia. Kuku hao huenda Dodoma na Dar es Salaam, ambako jina la kuku wa Singida lajulikana sana. Sisi wenyeji twawaona wakiparuaparua uwanjani, tukisahau kuwa hao ndio madaftari ya watoto na dawa ya usiku.

Mwezi wa Agosti Padre alinituma katika kigango kimoja upande wa Ikungi, kuandika majina ya watoto wa Kipaimara. Kazi ilipokwisha, nilikaribishwa chakula kwa mama mmoja mjane. Uwanja wake ulikuwa kimya.

“Karani, upepo umepita,” akaniambia. Katika kuku 31 walibaki watatu, nao alikwisha kuwatia katika tenga awapeleke mnadani kesho yake kabla hawajafa. Fedha hizo zilikuwa za sare ya kijana wake, aingiaye kidato cha kwanza Januari.

Nilishindwa kumeza tonge. Nilipoanza kufuga, nilinunua jogoo mnadani kwa bei rahisi, nikamchanganya na wangu jioni ile ile. Siku ya tatu akaanza kusinzia. Wiki mbili hazijaisha, nikawa nimezika kuku 19. Bila shaka jogoo yule alitoka katika tenga kama hili.

Nikamweleza mama yule kwamba huo si upepo, ni mdondo. Kuku hujikunyata, huhema kwa shida, huharisha kijani, na wengine hupinda shingo au kupooza mabawa. Wazungu waliuandika mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Huletwa na kirusi, nacho husafiri na kuku mgonjwa, kinyesi chake, manyoya, tenga, hata viatu vyetu. Watu huwapa kuku pilipili, shubiri au vidonge vya binadamu. Hakuna hata kimoja kiponyacho mdondo.

Kinga ipo, nayo ni chanjo. Ile ya matone, kwa jina I-2, hutiwa tone moja katika jicho moja la kila kuku mzima, mkubwa na kifaranga, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku akisha kuugua, chanjo haimfai tena. Chupa moja yatosha kuku wengi. Kwa hiyo ni vema nyumba kadha zichange na kumwita Bwana Mifugo siku moja, kabla kiangazi hakijakaza.

Katekista, aliyekuwa akitusikiliza, akanichukua kuona banda lake. Zamani kuku wake walilala ndani ya nyumba kwa hofu ya wezi, na watoto wakaamka na viroboto. Sasa amejenga banda la miti na udongo karibu na dirisha la chumba chake, lenye kufuli. Limeinuliwa juu ya nguzo hadi gotini, na sakafu ni ya fito zilizoachana kidogo, hata kinyesi chaanguka chini naye hukizoa. Kicheche hapati njia. Juu ya kuta ameacha nafasi yenye wavu ili hewa ipite. Upana ni mita moja na urefu mita mbili, kwa kuku wakubwa 10 tu. Ndani mna fito za kulalia na viota vya majani makavu. Nje kuna shimo la majivu ambamo kuku hujioga na kupunguza chawa. Kuku mgeni hukaa peke yake wiki mbili kwanza.

Tuliporudi, mama alikuwa ameketi karibu na tenga. “Nikiwauza, nitampelekea mwenzangu msiba,” alisema. Akalifungua. Sikuwa na neno la kumfariji, maana sare ilikuwa bado haijapatikana.

Jumapili, baada ya Ibada, katekista alilileta jambo hilo mbele ya jumuiya. Walikubaliana mambo matatu: mizoga izikwe shimo refu, mtu asiuze wala kugawa kuku kutoka nyumba yenye ugonjwa, na chanjo ichangiwe na wote. Tena, miezi miwili ikipita bila ugonjwa, na banda likiisha kusafishwa, kila nyumba itampa mjane tetea mmoja aliyechanjwa. Kwa sare walipitisha kapu siku ile ile.

Bwana wetu alipotaka kuonyesha mapendo yake kwa Yerusalemu, alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga vyake. Basi, mfugaji mwenzangu, kabla hujafunga tenga kwenda mnadani, umfikirie atakayelifungua.