Mgeni na Lafudhi Yake

Aliyepata kuishi ugenini anaijua aibu ya kufungua kinywa. Watu huisikiliza lafudhi yako kabla hawajayasikia maneno. Miaka yangu ya masomo ng'ambo nilikuwa nikiingia dukani na kuonyesha kwa kidole kitu ninachokitaka, hali jina lake nalijua fika. Labda ndiyo sababu Alla Nazimova hunivuta kuliko nyota wengine wa filamu za kale.

Alizaliwa Yalta, katika familia ya Kiyahudi, akajifunza uigizaji Moscow. Mwaka 1905 alifika New York na kundi la Pavel Orlenev, lililocheza kwa Kirusi. Orlenev aliporudi kwao, yeye alibaki. Akakaa na mwalimu kujifunza Kiingereza, na mwaka 1906 haujaisha akasimama jukwaani kuigiza Hedda Gabler wa Ibsen kwa lugha hiyo ngeni. Fikiri, msomaji: si kuomba mkate dukani, bali Ibsen, mbele ya watu waliolipa kiingilio! Mwaka 1910 jumba moja la maigizo la New York likaitwa kwa jina lake.

Kisha zikaja filamu zisizo na sauti. Baada ya War Brides ya mwaka 1916, kampuni ya Metro ilimwajiri, na mshahara wake ukafika dola 13,000 kwa wiki. Hapa mimi hucheka kidogo. Lugha aliitolea jasho, utajiri akaupata pale isipohitajika hata neno moja.

Haukudumu. Salomé, iliyotoka mwaka 1923, aliitengeneza kwa fedha zake mwenyewe, nazo hazikurudi. Wapo wanaomlaumu kwa kiburi. Mimi naona alichoka kuigiza vya wengine. Nyumba yake ya Sunset Boulevard ikageuzwa hoteli mwaka 1927, nayo pia ikamtoka mikononi. Akarudi jukwaani, na mwaka 1931 aliigiza katika Mourning Becomes Electra ya O'Neill. Miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 1945, alikuwa mpangaji katika uwanja uleule uliokuwa wake.

Katika Blood and Sand ya mwaka 1941 ni mama yake Tyrone Power. Filamu hiyo ina sauti. Nilimsikiliza kwa makini: baada ya miaka 36 Marekani, lafudhi bado ipo, wala haifichi.