Wazee Wawili Mjini Branson

Branson, mji wa jimbo la Missouri nchini Marekani, ni mdogo kwa watu na mkubwa kwa kelele. Hesabu ya mwaka 2020 iliwakuta wakazi wapatao 12,600 tu. Walakini wageni huufikia kwa mamilioni kila mwaka, na aghalabu vichwa vyao vina mvi. Mji huo haukujaliwa bahari wala dhahabu. Umejaliwa vilima vya Ozark, maziwa yaliyozaliwa na mabwawa, na barabara namba 76 ambayo kando zake zimesongamana kumbi za muziki, mikahawa na mataa.

Kitabu ndicho kilichoanza kuwavuta wageni. Mwaka 1907 kasisi Harold Bell Wright, aliyepata kwenda vilimani huko kutafuta afya, alichapisha hadithi ya mchungaji wa kondoo, na wasomaji wakaja kutazama mahali palipotajwa. Bwawa la Table Rock lilipokamilika mwaka 1958 wakaja wavuvi. Na wavuvi, jua likizama, hutaka kitu cha kuchekea. Mwaka 1959 ndugu wa ukoo wa Mabe wakaanza kuwaimbia na kuwafanyia mzaha kwa jina la Baldknobbers. Jina hilo asili yake ni kundi la watu waliojitwalia hukumu mikononi katika miaka ya 1880, baadhi yao wakificha nyuso kwa vifuniko vyenye pembe, wakapiga na kuua. Miaka 80 haikutimia ila damu ile ilikwisha vikwa nguo za kuchekesha. Mwaka 1967 jamaa wa Presley wakajenga ukumbi juu ya barabara ile, wengine wakafuata, na kipindi cha televisheni cha mwaka 1991 kikautangaza mji nchi nzima. Hata Mjapani, Shoji Tabuchi, mpiga fidla aliyefariki mwaka 2023, alijipatia jina huko kwa muziki wa mashambani wa Marekani.

Watu wenye elimu huko Marekani huucheka mji huu. Husema nyimbo zake ni kuukuu, mzaha wake ni wa kijinga, na uzalendo wake unauzwa kwa tikiti. Yote hayo yana ukweli, na kuyasema hakugharimu kitu. Kijana ana miji elfu inayomngoja. Mzee wa miaka 77 ataimbiwa wapi wimbo anaoujua?

Mume na mke waliingia mjini humo jioni moja ya Oktoba, wakitoka Iowa kwa barabara namba 65. Walikuwa wakienda Louisiana kwa binti yao, nao hawakuwa na haraka, maana haraka waliiacha kazini. Mume alipeleka barua nyumba kwa nyumba kwa miaka 31. Mke alikuwa mpishi wa shule. Pensheni yao haikuwa kubwa, lakini gari halikuwa na deni, na mke alikuwa na daftari ambamo kila kituo cha safari kiliandikwa kwa kalamu ya risasi: mahali pa kulala, mahali pa kutia petroli, mahali penye choo safi. Branson peke yake iliandikwa kwa wino. Mume alipouliza sababu, aliambiwa nyimbo.

Nyimbo zilikuwa nusu ya jibu. Wanawake wa kanisani walimsimulia mke kwamba katika kumbi za mji ule maonyesho husimamishwa ili waliokwenda vitani washukuriwe. Mumewe alichukuliwa jeshini kwa lazima mwaka 1968, akiwa na miaka 19, akapelekwa Da Nang, Vietnam. Hakupewa kazi ya bunduki. Aliwekwa katika nyumba ya maiti, mahali ambapo askari wa Marekani waliokufa walitambuliwa, wakatiwa dawa, wakaandikwa majina kabla ya kurudishwa kwao. Vita hivyo viliua Wamarekani zaidi ya 58,000, na Wavietnam mara nyingi zaidi ya hao. Aliporudi, stesheni alikuwapo mama yake tu. Mke aliolewa naye mwaka 1972, na tangu hapo alimngoja mtu mmoja, yeyote, amwambie mumewe ahsante.

Nusu ya kwanza ya maonyesho ilikwenda vyema. Palikuwa na fidla, palikuwa na banjo, palikuwa na mchekeshaji asiye na meno ya mbele aliyevaa suruali inayoning'inia kwa mkanda mmoja wa begani. Mume alicheka hata akafuta machozi. Kisha taa zikapunguzwa, bendera ikashushwa, na msemaji akaomba kila aliyetumikia nchi asimame utakapopigwa wimbo wa jeshi lake. Ukapigwa wa wanamaji, ukapigwa wa ndege, ukafika wa jeshi la nchi kavu. Ukumbi mzima magoti yalilia. Wengine waliinuliwa na fimbo, wengine na wake zao, na mmoja safu ya mbele alikuwa akilia waziwazi.

Mume hakusimama. Mke alimgusa kiwiko; naye akautwaa mkono ule, akauweka juu ya goti lake, akaushika. Bibi aliyekaa mbele yao aligeuka akasema kwa wema kwamba bila shaka bwana huyu alikuwa na bahati ya kutoitwa.

"Aliitwa," mke alijibu.

Ugomvi wao ulifanyika garini, injini ikiwa imezimwa. Mume alisema kuwa watu wale walimshukuru bila ya kumjua, na yeye aliwajua kwa majina wasioweza kusimama. Mke alisema kuwa usiku wa miaka zaidi ya 50, yeye ndiye aliyeamshwa na makelele ya ndoto zile, akawasha taa, akaleta maji. Na shukrani ile, japo ya biashara, ilikuwa na sehemu yake. Kwa hilo mume hakuwa na neno. Na ni vigumu kwa mtu wa pembeni kumpa ushindi mmoja wao. Tikiti ni biashara, lakini mzee yule aliyelia safu ya mbele hakuwa akiuza kitu.

Asubuhi walikwenda kutazama bwawa. Saa nane mchana walirudi barabarani 76, kwa kuwa onyesho la pili lilikwisha lipiwa. Taa zilipoanza kupunguzwa mke alinong'ona kwamba anataka kahawa, akatoka, mume akamfuata. Waliinywa kwenye benchi la ukumbini nje, mlango umefungwa, wimbo wa jeshi la nchi kavu ukisikika kwa mbali, na mke akiufuatisha kwa sauti ndogo.