Elisi wa Mjomba

Katika nyumba ya marehemu mjomba wangu, mjini Nachingwea, palikuwa na sanduku la bati ambalo sisi watoto tulikatazwa kuligusa. Ndani yake mlikuwa na cheti chake cha shule, koti moja jeusi la sikukuu, stakabadhi za kodi na vitabu vitatu. Viwili vilikuwa vya dini. Cha tatu ndicho ninachotaka kukusimulia habari zake, ndugu msomaji, kwa sababu nilikitendea kosa, na kwa sababu kosa lile limenifundisha jambo ambalo sikulipata katika masomo ya ualimu.

Mjomba alisoma shule ya misheni upande wa Masasi. Waingereza walipokuja Nachingwea mwaka 1947 na ule mradi wao mkubwa wa karanga, alipata kazi ya ukarani. Mradi ukafa mwaka 1951. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nasi tukalirithi tuta lake kama uwanja wa kuchezea. Mjomba akarudi kwenye mikorosho yake. Ukarani ukabaki katika mwandiko wake mzuri na katika sanduku lile.

Kwetu kusini, mjomba si mgeni wa kuja kula pilau na kuondoka. Yeye ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Basi jioni, hasa msimu wa korosho, tukiisha kula, alituita sisi wapwa zake, akaweka koroboi juu ya kigoda, akafungua sanduku na kutoa kitabu. Jina lake lilikuwa Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Kilipigwa chapa London na Sheldon Press mwaka 1940, na kwa Mjomba kilikuwa ni tuzo aliyopewa na mwalimu wake.

Hadithi yenyewe wengi mnaijua. Mtoto wa kike anamfuata sungura, anatumbukia shimoni, anafika katika nchi ambako wanyama wanasema na watu wakubwa wanabishana bila maana. Akinywa hiki anakuwa mdogo, akila kile anakuwa mkubwa. Wazungu wameandika mengi juu ya maajabu ya kitabu hiki, lakini sisi hakikutushangaza sana. Sungura tulikuwa tukimjua tangu kwa bibi. Kwamba sungura amemtia mtoto wa watu matatani lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Kilichotushika zaidi ni picha. Elisi aliyechorwa mle alikuwa mtoto wa Kiafrika, mweusi kama sisi. Sikumbuki kuwa tuliliona hilo kuwa ni jambo. Tulidhani ndivyo vitabu vilivyo: ukifungua, unajikuta.

Sasa nije kwenye kosa langu. Ulikuwa mwaka 1969, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mwaka ule nilirefuka ghafla. Gauni la shule lilipanda juu ya magoti, wavulana wakaniita mlingoti, na wanawake wa mtaani wakaanza kunitazama kwa namna nyingine na kunong'ona na mama habari za unyago. Hakuna aliyeniuliza kama nilitaka kuwa mkubwa. Nililala mtoto, nikaamka watu wanashauriana juu yangu.

Katika kitabu cha Mjomba palikuwa na picha moja ya Elisi aliyekuwa mkubwa mpaka amebanwa ndani ya nyumba, hana pa kuweka mikono wala kichwa. Niliitazama picha ile jioni baada ya jioni. Siku moja Mjomba alipokuwa shambani, nilifungua sanduku, nikauchana ukurasa ule, nikauficha chini ya mkeka wangu. Sikutaka kuuza wala kumwonyesha mtu. Nilitaka tu kulala karibu na mwenzangu.

Haikupita mvua moja mchwa wakaula, nikabaki na kipande kidogo kama stempu.

Jioni iliyofuata kuchanwa kule, Mjomba alisoma kama kawaida. Alipofika pale alinyamaza. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi, taratibu, kama mtu anayepapasa kidonda. Moyo wangu ulikuwa ukipiga hata nikadhani wenzangu wanausikia. Kisha akasema, "Hapa fumbeni macho, mjionee wenyewe." Tukafumba. Akatusimulia picha ile kwa maneno yake: nyumba inavyolia, paa linavyonyanyuka, kiwiko kinavyotokea dirishani. Tangu siku ile, kila tulipofika pale, tulifumba macho. Hakuuliza hata mara moja ni nani aliyechana.

Mwaka 1978 nilikuwa mwanachuo wa ualimu, mbali na nyumbani. Siku moja tulikuwa tukizungumza habari za vitabu vya watoto, nami nikamtaja Elisi, yule msichana wa Kiafrika aliyemfuata sungura. Darasa zima likacheka. Mkufunzi akanijia siku ya pili na kitabu cha Kiingereza. Nikafungua. Sungura ni yule yule na saa yake. Malkia ni yule yule na hasira zake. Lakini pale alipopaswa kuwa Elisi alisimama mtoto wa Kizungu mwenye nywele ndefu nyeupe, amevaa aproni, ananitazama kama ninayemzuilia njia.

Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Ilikuwa kama kurudi nyumbani ukamkuta mtu mwingine anaitwa kwa jina lako. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba Waingereza wametuibia Elisi wetu. Baadaye aibu ikanijia, nikafikiri kinyume chake: kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimevaa nguo ya kuazima miaka yote.

Likizo ilipofika nilimwuliza Mjomba. "Mjomba, ulijua kuwa Elisi ni Mzungu?"

"Nilijua," alisema. "Mwalimu wetu alikuwa nacho cha Kiingereza."

"Mbona hukutuambia?"

Akacheka. "Mliniuliza? Nilipokifungua mara ya kwanza mbele yenu, nyinyi mlikuwa mmeshamjua."

Nilikuwa na neno langu pale ulimini, la ukurasa ule. Sikulisema. Nikajiambia nitalisema likizo ijayo.

Tangu hapo nimezifuatia habari za kitabu hiki kila nilipopata nafasi, na niliyoyapata yamenipunguzia ile aibu. Tarehe 4 Julai 1862, mwalimu wa hisabati wa Oxford, Charles Dodgson, aliwapeleka watoto watatu wa familia ya Liddell matembezini kwa mashua, akawatungia hadithi ya papo kwa papo. Mmoja wao, Alice, akamwomba aiandike. Akaiandika kwa mkono, akaichora mwenyewe picha 37, akampa mtoto yule mwaka 1864. Mwaka uliofuata hadithi ikapigwa chapa, mtungaji akijiita Lewis Carroll, na picha 42 zikachorwa na John Tenniel, mchoraji maarufu wa vikaragosi vya gazeti la Punch. Tenniel hakupendezwa na namna picha zake zilivyotoka, na kwa malalamiko yake nakala 2,000 za chapa ya kwanza zikazuiwa zisiuzwe Uingereza. Ndiyo kusema tangu mwanzo picha za kitabu hiki hazikuwa pambo. Zilikuwa na uzito wa kusimamisha kitabu kizima.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili. Alice Liddell, yule mtoto wa kweli aliyesimuliwa hadithi, alikuwa na nywele fupi, nyeusi, zilizokatwa sawa juu ya paji la uso. Tenniel hakumchora huyo. Alimchora mwingine, mwenye nywele ndefu za rangi nyepesi. Picha za Tenniel zilipotiwa rangi katika toleo la watoto wadogo la mwaka 1890, gauni la Alice lilikuwa la njano. Filamu ya Walt Disney ya mwaka 1951 ikamvika la buluu, na leo mtoto ukimwambia ni la njano atabisha. Haki ya kunakili ilipokwisha Uingereza mwaka 1907, wachoraji wakamiminika, Arthur Rackham akiwa mmoja wao, kila mtu na Alice wake. Tove Jansson wa Finland alimchora mwaka 1966. Salvador Dalí alimchora mwaka 1969, mwaka ule ule nilioufungua mimi sanduku la Mjomba.

Basi tangu lini Alice akawa na sura moja? Kama Tenniel hakumwibia Alice Liddell, basi aliyemchora Elisi kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili hakumwibia Tenniel. Naye Conan-Davies, aliyeifasiri hadithi, alifanya kazi ile ile ya kumhamisha mtoto kutoka lugha hadi lugha.

Hata hivyo sitaki kuwapa sifa wasiyostahili. Picha za kitabu cha Mjomba zilifuata zile za Tenniel. Aliyebadilishwa sana ni mtoto mwenyewe. Elisi alikuwa mtoto wetu, lakini katika nyumba ya watu. Nilipokuwa mdogo sikuliona hilo. Nilikuwa nikitazama uso wake tu.

Mjomba alifariki mwaka 1994. Mgawo ulipofanyika niliomba sanduku la bati, nikapewa. Nilipokifungua kitabu nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa uliochanwa. Ukingo ule nilioucha umeraruka vibaya ulikuwa umekatwa kwa wembe, umenyooka, na karatasi ya upande wa pili, ambayo ingedondoka, ilikuwa imebandikwa kwa gundi, kwa mkono wa karani. Alikitibu kitabu bila kumtaja aliyekijeruhi. Nililia pale peke yangu, si kwa msiba tu. Neno langu la likizo ijayo lilikuwa limekosa wa kuambiwa.

Mwaka 2016, nikikaribia kustaafu, nilikuwa nikifundisha darasa la tano. Kwa majuma mawili niliwasomea watoto kitabu cha Mjomba, nimekifunika kwa gazeti, bila kuwaonyesha picha. Mwisho nikagawa karatasi: mchoreni Elisi. Walichora kwa bidii, ulimi nje. Elisi mmoja alikuwa na sketi ya buluu ya shule. Mwingine alitumbukia shimoni na ndoo yake ya maji kichwani. Mvulana mmoja alichora shimo la sungura kama kisima, na ng'ombe wamesimama wanachungulia.

Msichana mmoja, hodari wa kusoma kuliko wote, alimchora Elisi mwenye nywele za njano. Nilimwuliza kwa upole kwa nini amemchora hivyo. Akanitazama kama anayeshangaa swali.

"Mwalimu, si watu wa kwenye vitabu ndivyo walivyo?"

Sikumkosoa. Nywele za njano si dhambi, na Elisi ni wa kila mtu. Lakini neno lake lilinichoma, maana mimi katika umri wake niliamini kinyume, kwa sababu ya kitabu kimoja tu kilichofika kwenye koroboi ya nyumba moja. Nilifunua gazeti, nikamwonyesha. Alitazama kwa muda mrefu. Akaweka kidole juu ya uso wa Elisi, akakiondoa upesi kama aliyehofia kuchafua.

"Huyu naye yumo?"

"Yumo," nikamwambia. "Tangu mwaka 1940."

Akaendelea kufunua mpaka akafika kwenye ukingo wa wembe. "Na hapa?"

"Hapa nilichana mimi." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mtu. Nilishangaa lilivyotoka kwa urahisi, miaka arobaini na saba baada ya siku yake.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Nilidhani ni mimi."

Akatikisa kichwa kama aliyeelewa, akarudi kwenye dawati lake. Sijui kama alichora mwingine.

Mwaka 2015 hadithi hii ilitoka katika tafsiri mpya ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, nami nafurahi kwamba maneno yamepata uhai wa pili. Kilichobaki moyoni mwangu ni picha. Kusini hii ndiyo iliyomlea Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, aliyewapa wanyama madoa na macho ambayo hakuna mnyama aliyezaliwa nayo. Kusini hii ina wachongaji wa Kimakonde, ambao shetani wa mpingo mikononi mwao hana mwanzo wala mwisho. Watu hawa hawahitaji kuazima nchi ya ajabu kwa Tenniel. Wapeni Elisi wamchore, na safari hii wachore na nyumba pia, na shimo, na njia ya kwendea shimoni.

Mpaka siku hiyo, kitabu cha Mjomba bado kipo nami, na wajukuu huja jioni. Tukifika kwenye ukurasa usiokuwapo, ninafanya kama nilivyofundishwa. Nawaambia: hapa fumbeni macho, mjionee wenyewe. Wakishafumba, na mimi nafumba.