Bilbo, kitabu cha kuanzia

Kijana anayeanza kusoma vitabu virefu vya Kifaransa ajaribu Bilbo le Hobbit cha Mwingereza Tolkien, kilichotoka kwanza mwaka 1937. Thorin na wenzake, watu wafupi wenye ndevu, ni wahami: joka Smaug liliwafukuza mlimani kwao, likalalia dhahabu yao. Sasa wanarudi, wote 13, pamoja na Bilbo, mpenda kula asiyejua vita.

Sura ya vitendawili gizani isomeni kwa sauti, watoto wajibu.

Lakini majina 13 yanachanganya, na wanawake karibu hawamo. Wasichana wetu watauliza.

Joka likishakufa, Thorin anakataa kuwagawia mali watu ambao joka limewachomea mji. Mhami anamnyima mhami! Sura hizo ni nzito kwa mtoto, ila kwangu ndizo bora.