Misumari Mitatu

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Ndivyo walivyonena wahenga, nami siwapingi. Lakini naongeza langu: ukitaka kuijua nyumba ya mtu upesi, tazama ukutani. Sakafuni utaona vitu vinavyotumika, ila ukutani utaona vitu ambavyo wenyewe hawataki vikanyagwe.

Ndugu msomaji, kwetu ni chumba kimoja mtaani Nyalenda, mjini Kisumu, futi 10 kwa futi 10. Humo mna watu watano, vitanda viwili, kabati, jiko na mitungi ya maji. Kilichobaki wazi ni kuta tu. Lakini lo! Hata kuta zina mwenyewe. Siku tuliyohamia, mwenye nyumba alituonya kwamba lipu yake isitobolewe ovyo. Alituruhusu misumari mitatu, wa nne tuhame nao.

Msumari wa kwanza haukuleta ubishi. Ni wa picha ya nyanya, iliyopigwa studio mwaka 1978, akiwa amesimama wima na mkoba mkononi kama mtu anayesubiri gari. Baba aliitundika mahali pasipopigwa na jua, kwa maana jua hufifisha picha pole pole mpaka sura ikapotea.

Wa pili ni wa mama. Alitoboa matundu chini ya kopo la mafuta ya kupikia, akatia udongo uliochanganywa na mchanga, akapanda mshubiri. Kopo linaning'inia kwa waya karibu na dirisha. Mshubiri hautaki maji mengi. Ukiuzidishia, mizizi huoza. Kwa hivyo hautuchuruzikii kitandani. Mama husema asiye na shamba naye apande.

Wa tatu ndio uliozua kivumbi. Baba aliutaka kwa baiskeli yake, ile nyeusi aina ya Black Mamba. Kwa baiskeli hiyo alifanya kazi ya boda boda miaka mingi, kazi iliyoanzia kwetu huku magharibi, mpakani Busia, ambako watu na mizigo walivushwa kwa baiskeli. Baada ya mwaka 2008 pikipiki zilijaa barabarani na abiria wakazihamia. Nani angekubali kupandishwa mlima kwa jasho la mwenzake ilhali injini ipo? Baba akageukia kazi za mjengo.

Kaka yangu mkubwa hakuficha maoni yake. "Baba, hii tuwauzie wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Hapo tutundike rafu ya vitabu."

Jamani, hoja yake ilikuwa na uzito! Sote tulikuwa tukisomea kitandani. Baba alinyamaza kitambo, kisha akajibu, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Karo yako ya darasa la kwanza hadi la nane iliketi kwenye kiti hicho cha nyuma."

Hakuna aliyeongeza neno. Baba alipigilia kulabu nene hadi ndani ya jiwe lenyewe, kwani lipu pekee haiwezi kubeba chuma kizito namna ile. Akaizungushia kipande cha tyubu kuukuu ili isikwaruze fremu. Na siku niliyoripoti kidato cha kwanza, baiskeli hiyo ndiyo iliyobeba sanduku langu la bati mpaka stendi, baba akiisukuma nami nikilishikilia kwa nyuma. Vitabu navyo vilipata kamba juu ya kabati.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya vyumba vya kupanga pekee. Katika mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba za mawe zina zidaka, yaani vishubaka vilivyopambwa kwa chokaa ukutani. Humo wenyewe walipanga vyombo vya kauri na vitu vyao vya thamani. Wao walikuwa na zidaka, sisi tuna misumari, lakini nia ni moja: kinachothaminiwa hupandishwa juu.

Siku hizi naona wenzangu wakijaza kuta za bweni kwa picha za wachezaji na waimbaji wasiowajua hata kwa salamu. Siwalaumu, ukuta ni wao. Nawauliza swali moja tu: ungepewa misumari mitatu, wa nne marufuku, ungetundika nini?