Hitilafu Ijayo na Kwenda

Hitilafu ya daima hujitaja. Isumbuayo akili ni ile ijayo na kwenda. Kompyuta ya mezani huzimika ghafula kwa mwenyewe, lakini ifikapo karakanani hufanya kazi kutwa kama isiyopata kuugua. Fundi mwenye pupa hubadili kifaa chochote akalipisha, na mwenyewe, maskini, hurudi baada ya wiki. Mwenye subira hujaribu vibao vya kumbukumbu kimoja kimoja usiku kucha, kwani joto hutanua madini, na kiungo kilicholegea kikaachia. Na pengine hakuna jeraha la kuonekana: mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa Intel walionyesha kwamba urani na thori, ingawa kidogo mno, katika makasha ya kauri yafunikayo kumbukumbu, hutoa chembe za alfa zigeuzazo tarakimu zilizohifadhiwa, na kifaa chenyewe kikabaki kizima.