Nesi Naye Huogopa Kisu

Katika wodi ya upasuaji kuna swali ambalo nimeulizwa kuliko yote: "Sista, nitaamka?" Huulizwa usiku, wodi ikishatulia, na mara nyingi anayeuliza ni yule ambaye mchana kutwa alikuwa akitania wenzake. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 20, na jibu nilikuwa nalo. Lakini mwaka 2019 nililazwa mimi mwenyewe, nikisubiri kuondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe ulionitoa damu nyingi hadi nikawa naishiwa pumzi nikipanda ngazi. Jibu langu lile halikunisaidia hata kidogo.

Watu hudhani nesi haogopi kwa kuwa amezoea. Asiyejua huogopa kitu kimoja kikubwa kisicho na sura. Mimi niliogopa vitu vingi vidogo, kila kimoja na jina lake. Jioni ile presha yangu, ambayo kwa kawaida ni 120 kwa 80, ilifika 160 kwa 100. Hofu inapoingia, mwili hutoa adrenalini: moyo huenda mbio, mishipa hubana, viganja huwa baridi. Mwili hautofautishi simba na mkasi wa daktari. Nawaeleza haya kwa sababu wapo wanaoona dalili hizo wakadhani wanaonywa wasikubali kupasuliwa, nao hufunga virago na kurudi nyumbani na ugonjwa wao.

Mama mmoja wa kwaya yetu alikuja kunitazama. Akaniambia kwa upendo kwamba mwenye imani haogopi. Nilimshukuru, lakini neno lile lilinifunga mdomo. Bwana wetu kule Gethsemane alihuzunika sana, wala hakuwaficha wanafunzi wake. Aliwaomba watatu kati yao wakeshe naye. Sijaona mahali alipolaumiwa kwa hilo. Waliolaumiwa ni wale waliosinzia.

Basi nikaomba kuonana na mtaalamu wa dawa za usingizi. Nilimwambia ninachoogopa: kwamba nitasikia kisu na nishindwe kusema. Nikamwomba anieleze kama mtu asiyejua lolote. Akavuta kiti, akaketi. Alisema atanichoma sindano ya ganzi mgongoni, chini kwenye kiuno. Miguu itapata joto, kisha itakuwa mizito kama gogo. Nitahisi kuguswa na kuvutwavutwa, lakini si maumivu. Kabla daktari hajaanza, atahakikisha ganzi imeshika, na kama haitoshi atanipa nusu kaputi. Hatatoka karibu na kichwa changu mpaka kazi iishe. Maelezo hayo hayakuchukua dakika 10. Presha ilipopimwa tena ilikuwa imeshuka, bila kidonge.

Aliniambia pia jambo ambalo mgonjwa asipoambiwa humtisha. Utaulizwa jina lako, na upasuaji unaofanyiwa, mara nyingi mpaka uchoke. Si kwamba wamekusahau. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, hapa kwetu Tanzania. Katika hospitali hizo kwa ujumla, vifo vilipungua kutoka takriban 15 katika kila wagonjwa 1,000 hadi 8. Kwa hiyo wakikuuliza jina mara ya tatu, jibu kwa sauti.

Na fomu ile ya kibali, mama, si hati ya kukubali kufa. Ni ushahidi kwamba umeelezwa. Kama hujaelezwa, usitie saini, uliza kwanza. Hofu ya kimyakimya ndiyo yenye hatari. Ndiyo inayomfanya ndugu amnyweshe mgonjwa uji alfajiri kwa siri "asiishiwe nguvu", kumbe chakula kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa amelala. Kwa kawaida chakula huachwa angalau saa 6 kabla, na maji matupu saa 2, lakini shika saa ulizopewa na hospitali yako. Ndiyo inayomfanya mwingine afiche dawa za mitishamba alizokunywa wiki nzima. Sema. Mtaalamu wa usingizi si hakimu.

Ilibaki hofu moja ambayo sikuweza kumpelekea mtaalamu yeyote. Tuna watoto watatu, sikuhitaji mwingine. Lakini niliogopa kwamba nikirudi bila kizazi, mume wangu ataniona kama nyumba iliyohamwa. Nilimwambia usiku ule, pale pembeni ya kitanda, saa ya kutazama wagonjwa ikikaribia kwisha. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba wiki mbili hajalala vizuri, na kwamba wanaume wenzake kanisani walimwambia ajikaze asinitie hofu. Kumbe tulikuwa tukifichana kitu kile kile, kitanda kimoja! Tukaomba pamoja kwa maneno machache, kisha akaniuliza risiti za ada ya mtoto ziko wapi. Nililala saa nne na nusu, nikaamshwa kuoga.

Ganzi ilikuwa kama nilivyoambiwa, ila baridi ya chumba kile hakuna aliyenitajia. Nilisikia vyuma vikigongana na wauguzi wakihesabu vitambaa, nami nikihesabu pamoja nao moyoni, maana mazoea ni mazoea.

Siku hizi wanawake wa kanisa letu tunapokwenda wodini siku ya Alhamisi, kabla ya kuomba humwuliza mgonjwa: "Unaogopa nini hasa?" Majibu si yale tunayoyatarajia. Mmoja alihofia ng'ombe wake hatakamuliwa. Mwingine, mama wa makamo, alifikiri kwanza, halafu akasema anaona aibu kupitishwa mbele za watu akipelekwa chumba cha upasuaji, kwa kuwa hana kanga nzima ya kujifunika. Tulimletea doti jioni ile ile.